Boriti ya Futi Sita na Inchi Tisa

Lango lililomfungia Waithaka ndani alilijenga Waithaka mwenyewe. Nalisema hili mwanzo kwa sababu yeye hakulificha, na kwa sababu wanawake wa shamba lile, ambako nami nilikulia, hawakumruhusu kulisahau.

Alikuwa seremala wa shamba la pareto na ng'ombe wa maziwa huko Bahati, juu ya mji wa Nakuru. Mwenye shamba alikuwa Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Kihara, maana yake upara, na aliyemwona bila kofia hakuuliza kwa nini. Waithaka aliletwa bondeni akiwa mgongoni mwa mama yake, kabla ya vita vya kwanza, wazazi wake walipoacha Murang'a wakitafuta malisho. Kule walikotoka hakubakiwa na ardhi, wala kaburi analolijua. Alikulia shambani kwa Kihara, akajifunza useremala kwa Mhindi mmoja mjini, akaoa, akazaa. Ukimwuliza kwao ni wapi, alikuonyesha karakana yake kwa kidole.

Mwisho wa mwaka wa 1953, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, nyumba za Wakikuyu zilizotawanyika shambani zilibomolewa na watu wote wakakusanywa mahali pamoja. Nyumba mpya zilisongamana hata ukipiga chafya jirani anakwambia pole. Kukachimbwa handaki kuzizunguka, na nje ya handaki kukafungwa seng'enge. Karakana, dispensari, mashamba ya pareto, mto, vyote vilibaki ng'ambo. Ikahitajika njia moja ya kutokea na kuingilia, na fundi akaitwa.

Koplo wa walinzi alimweleza kazi. Kila anayetoka na kila anayerudi atasimama langoni, ainue mikono yote miwili, viganja viguse boriti ya juu, na abaki hivyo mpaka amalize kupekuliwa. Boriti iwe futi sita kutoka ardhini.

Miti iliyoletwa ilikuwa mitarakwa kutoka msituni, imenyooka kama mishale, myekundu ndani, na harufu yake ilijaa karakana nzima. Waithaka aliipima, akashika msumeno, akauweka chini. Mti wa namna hiyo, alisema, haukatwi ovyo kwa sababu koplo ametaja namba. Alifukia miguu ya nguzo ardhini, na nguzo zilipokuwa zimesimama wima, boriti ikakaa futi sita na inchi tisa. Yeye ni mrefu. Aliposimama chini yake akainua mikono, viganja viligusa huku viwiko bado vimepinda. Akaona lango zuri. Hakumfikiria mtu mwingine yeyote.

Asubuhi ya kwanza wanawake walipanga foleni kwenda kuchuma pareto, vikapu mgongoni, kila mmoja akisimama juu ya vidole vya miguu ili aifikie boriti. Wazee waliyumba kama watoto wanaojifunza kutembea. Mke wake, Nyaguthii, ni mfupi. Alipanda vidoleni akagusa kwa ncha za kucha tu, na mlinzi akamwambia apande tena.

Jioni hiyo maneno yalimfikia fundi kutoka kila mlango. Mmoja alimwuliza kama alikuwa anawajengea twiga. Mwingine alitaka kujua lini ataleta ngazi ya lango hilo. Waithaka alicheka. Aliahidi kwamba siku moja atalishusha, na siku hiyo haikufika.

Machi iliyofuata, kabla ya mvua za masika, alipanda juu ya banda la kukaushia pareto kupigilia mabati. Umande ulikuwa haujakauka. Ngazi iliteleza, naye akaangukia bega la kulia. Alisikia mlio kama wa kijiti kikavu, akajua ni yeye.

Lori la maziwa lilimpeleka hospitali ya mjini. Walimpiga picha ya eksirei, daktari akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, na mkalimani akamweleza: mfupa wa mkono umevunjika juu kabisa, pale unapoingia begani, lakini vipande havijaachana sana. Hakuna haja ya kisu. Mfupa utajiunga wenyewe. Wakamfunga kitambaa cheupe shingoni kibebe mkono, wakamrudisha kwa lori lile lile jioni.

Hakuamini. Yeye akiunga ubao hutia gundi, hubana kwa jiriwa, huongeza misumari. Fundi gani huacha kitu kilichovunjika kijiunge chenyewe? Wiki ya kwanza alilala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu alipojilaza mfupa ulisaga ndani. Damu ilitelemka chini ya ngozi hadi kwenye kiwiko, mkono ukawa mweusi kama zambarau, halafu kijani, halafu manjano ya ndizi iliyopitiliza.

Mtu aliyemtibu tangu hapo ni Wasike, dresa wa dispensari ya shamba, Mbukusu wa Kimilili, mpole wa sauti na mkali wa macho. Wiki ya tatu ilipotimia alimfungua kitambaa, akamshika bega kwa vidole viwili, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mfupa unashika, fundi," alimwambia. "Sasa adui si mfupa tena. Adui ni kulala. Bega likilala linaganda kama uji uliosahauliwa sufuriani, na ukiganda huo huuli kwa kijiko, unaukwangua."

Akamwonyesha la kufanya. Ainame, mkono mzima ushike stuli, mkono mgonjwa uning'inie chini uyumbe wenyewe, mbele na nyuma, kisha kwa mduara, kama kengele shingoni mwa ng'ombe. Mara nne kwa siku. Na kitambaa kile asikivae tena.

Waithaka aliitikia yote. Alitoka dispensarini mkono ukiwa huru, akatembea mpaka kwenye mti wa mwisho kabla ya lango, na hapo akakivaa kitambaa tena.

Wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa mvivu. Huo ni uongo, nami nataka uandikwe kuwa ni uongo. Kitambaa kile kilikuwa kimegeuka kuwa kibali chake. Mwenye kitambaa aliinua mkono mmoja tu langoni, na walinzi wakampitisha. Tena ndani ya seng'enge, mtu yeyote asiyekwenda kazi ya shamba alitolewa kwenda kuchimba na kupanua handaki, bila malipo, toka asubuhi mpaka saa nane. Mwenye kitambaa hakutolewa. Mtu ambaye mfupa wake una wiki tatu, ambaye akiuacha mkono wazi atapewa sululu kesho yake, atafanya nini? Na kuyumbisha mkono nyumbani hakuthubutu. Kuta zilikuwa na macho. Kulikuwa na majirani waliopeleka habari kwa walinzi kwa kibaba cha chumvi, na habari kwamba fundi anachezesha mkono ingefika kabla hajanyooka mgongo.

Basi alikaa na kitambaa wiki ya nne, ya tano, mpaka ya nane. Kila Alhamisi alikivua kabla ya kufika kwa Wasike, akadanganya kwamba anafanya zoezi, na Wasike, aliyeshika bega na kuona haliendi, alianza kununa. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Waithaka alidhani kuisha kwa maumivu ndiko kupona.

Wiki ya tisa, mtu wa shamba la jirani alikamatwa na risasi mbili ndani ya bandeji ya mguu. Asubuhi iliyofuata koplo alitangaza: hakuna kitambaa langoni, hakuna bandeji, hakuna cha mgonjwa wala mzima. Mikono miwili, boriti, au urudi ulikotoka.

Waithaka alifika langoni akavua kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. Aliinua mkono wa kushoto, ukagusa boriti. Aliinua wa kulia. Ulifika usawa wa kifua ukasimama. Aliusukuma kwa nguvu zake zote. Bega zima likapanda hadi sikioni, lakini mkono ulibaki pale pale, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Mlinzi aliyekuwa zamu ni Kimaiyo, aliyekuwa mkamuaji wa ng'ombe kabla hajapewa bunduki. Stuli aliyokalia akikamua ilitengenezwa na Waithaka.

"Juu, fundi," Kimaiyo alisema.

"Ndio mwisho."

"Mwisho wako au wa mkono?"

Koplo alikuja kuona foleni imesimamia nini. Alisema mtu mwenye kitu kwapani siku zote husema mkono hauendi. Akaushika mkono ule kwenye kifundo, akauvuta juu mara moja. Waithaka hakupiga kelele. Magoti yake ndiyo yaliyopiga, yakagonga ardhi. Kwapani hakukuwa na kitu ila jasho. Hata hivyo amri ilikuwa amri, na akarudishwa ndani.

Siku tatu baadaye nyapara alileta neno la Kihara. Karakana imekaa bila fundi miezi miwili na zaidi. Kama Waithaka hatakuwa kazini Jumatatu ya mwisho ya Juni, yeye na nyumba yake watapakiwa kwenye lori mpaka stesheni, na kutoka stesheni watapelekwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, Murang'a. Kule hakukuwa na mtu wa kumpa mahali pa kusimika hata jiko. Tulikuwa tumesikia habari za waliotangulia, namna walivyogeuka ombaomba kwenye vilima vya watu wasiowajua.

Tazama basi jinsi mtu alivyofungwa. Asifukuzwe, ni lazima afike karakana. Afike karakana, ni lazima apite langoni. Apite langoni, ni lazima ainue mkono. Auinue mkono, ni lazima aende kwa Wasike, na Wasike yuko nje ya lango. Na urefu wa boriti aliukata, au tuseme alikataa kuukata, kwa mkono ule ule. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nyaguthii ndiye aliyepata mlango katika ukuta huo. Yeye alitoka kila siku kuchuma pareto. Adhuhuri moja aliacha kikapu, akajipanga dispensarini pamoja na wenye homa na watoto wa macho mekundu, na ilipofika zamu yake alimwambia Wasike kwamba haumwi. Amekuja kuumwa kwa niaba ya mumewe.

Wasike alitoa hasira yote aliyokuwa ameiweka tangu wiki ya nne, juu ya wanaume wanaodanganya madaktari, na Nyaguthii akaipokea bila kujitetea kwa kuwa naye alikuwa na hasira hiyo hiyo. Ilipokwisha, Wasike akamfundisha. Hakuweza kumshika mke wa mtu mabega mbele ya foleni, kwa hiyo alionyesha kwa mwili wake mwenyewe: akainama, akayumbisha mkono, akalala chali juu ya benchi na fimbo mikononi, mkono mzima ukiusukuma mgonjwa kupita kichwa, akasimama na kutembeza vidole ukutani kama buibui. Wanawake kwenye foleni walicheka mpaka wenye homa wakasahau homa. Mmoja alimwuliza Nyaguthii kama atacheza ngoma hiyo nyumbani peke yake au ataalika watu.

Jioni alifunga mlango, akaweka stuli katikati ya nyumba.

"Baba Gachanja, inama," alisema. Gachanja ni mtoto wao wa kwanza.

Waithaka alisema majirani wataona.

"Waone. Walikuona ukiwa na kitambaa, kimekusaidia nini? Ule mti uliouweka juu mimi huugusa mara mbili kila siku, tena na kikapu mgongoni. Wewe utaugusa mara moja tu na utapona. Inama."

Akainama. Mkono uliyumba upana wa kiganja, si zaidi. Ndani ya bega kulikuwa na kitu kama kamba mbichi iliyokaukia juu ya mti. Nyaguthii alihesabu hadi hamsini, kisha akamwambia alale chali, akampa fimbo.

Hayo yakawa maisha yake, alfajiri, saa tisa, jioni, na kabla ya kulala. Kitambaa kilipoondoka, handaki lilimpata, kama alivyohofu. Lakini alichota udongo kwa mkono wa kushoto na wa kulia ukishikilia tu mpini, na ukweli wa ajabu ni kwamba hata kazi ile ya laana ililainisha bega kidogo. Sitaishukuru kwa hilo. Ningependa ijulikane kwamba mtu anaweza kupata nafuu katika jambo baya na jambo likabaki baya.

Ukuta wa nyumba ulikuwa mfupi, hivyo vidole vilitembea kwenye nguzo ya katikati inayoshika paa. Kabla ya kuanza, alipima kwa rula yake futi sita na inchi tisa kutoka sakafuni, akachora mstari mzito wa makaa. Hapo ndipo lango. Kisha kila jioni alisimama mbele ya nguzo, vidole vikapanda kimoja kimoja, na pale vilipokoma Nyaguthii akachora mstari mwembamba. Mistari ilipanda. Siku nyingine ilikuwa unene wa msumari tu juu ya wa jana. Siku nyingine haikupanda kabisa, na mara mbili ilishuka, na siku hizo Waithaka hakula. Aliketi akitazama nguzo. Nyumba ile ilikuwa na upana wa hatua sita. Aliwahi kuniambia kwamba ingawa aliijenga mwenyewe, mwezi ule ndipo alipoihesabu.

Hakuna aliyemdhulumu kwa kupiga kelele. Hilo ndilo linaloniwasha. Kila aliyemkwamisha alikuwa anafuata agizo dogo, na maagizo madogo yakaungana vizuri kuliko mfupa.

Katikati ya Juni walinzi walipekua nyumba zote mchana. Kimaiyo aliingia kwa Waithaka na vijana wawili, akasimama ghafla mbele ya nguzo. Mistari ilikuwa imefika ishirini na kitu. Wakati ule mistari ukutani ilitosha kumpeleka mtu kizuizini. Walinzi walifundishwa kwamba ndivyo watu wa viapo vya siri, wenzao wa wapiganaji wa msituni, wanavyojihesabu.

"Hii ni hesabu ya watu wangapi?" Kimaiyo aliuliza.

"Ya mtu mmoja."

"Usinichezee, fundi."

Waithaka alikwenda kwenye nguzo, akaweka vidole vyake, akaanza kuvipandisha. Vilipita mstari wa kwanza na wa kumi. Karibu na juu vilikuwa vikitetemeka, na jasho lilimtoka kwenye paji. Vilisimama. Palikuwa bado na upana wa viganja viwili kufikia mstari mzito.

Kimaiyo aliwaambia vijana watangulie nyumba inayofuata. Alipobaki naye alisogea, akapima nguzo kwa macho.

"Na huu mnene wa juu?"

"Boriti yenu."

"Boriti yako," Kimaiyo alisema. "Kwetu ng'ombe akivunjika bega huchinjwa. Hapewi nguzo."

"Mimi si ng'ombe wenu."

"Ndiyo maana nakwambia." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Koplo hapendi kugusa tu. Wewe atakuweka. Mkono ukifika juu atawasha sigara kwanza, na usiposhikilia mpaka aimalize, hukupita. Wamewekeana dau pale kwenye kibanda."

Akatoka. Mistari hakuifuta.

Basi zoezi likaongezeka. Haikutosha kufika; ilibidi kukaa. Nyaguthii aliketi chini akihesabu, naye akining'inia kwenye mstari wa siku hiyo kama nguo iliyoanikwa, mpaka sitini, mpaka mia moja. Alimtumia Wasike habari hiyo, na Wasike akarudisha neno kwamba asilazimishe kwa hasira, apumue, maana bega lenye hasira hujifunga.

Ijumaa ya mwisho mstari mwembamba ulikuwa bado chini ya ule mnene kwa inchi tatu. Zilibaki siku mbili. Waithaka alikaa kwenye stuli akasema basi, wafunge mizigo. Alisema kwa utulivu, na utulivu huo ulimtisha Nyaguthii kuliko kelele.

Alimwacha amalize. Kisha akasimama mbele ya nguzo, yeye mfupi, ambaye kwake mstari ule ulikuwa mbali siku zote, akamwambia atazame miguu yake, si mikono. Alivuta pumzi. Akapanda juu ya vidole polepole, magoti yamekaza, kisogo kimerudi nyuma kidogo, uzito wote ukienda upande mmoja kwanza halafu mwingine. Viganja vyake viligusa mstari, akakaa pale, hatikisiki.

"Ukiruka unaanguka," alisema huku bado yuko juu. "Ukiharakisha unayumba. Mwanzo tuliyumba sote, na ninyi wanaume mkacheka. Sasa tunajua."

Waithaka alikuwa hajawahi maishani kusimama juu ya vidole vya miguu kwa ajili ya kitu chochote. Alijifunza siku mbili, kutoka kwa mke wake.

Jumatatu ya mwisho ya Juni kulikuwa na ukungu. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wengi, naye katikati yao. Koplo alimwona kutoka mbali, akaja mwenyewe, akamwambia Kimaiyo akae pembeni.

"Fundi mrefu," alisema. "Tuonyeshe."

Waithaka alivua kofia. Aliinua wa kushoto ukafika bila kufikiri. Wa kulia akaupandisha polepole, ukapita kifua, ukapita kidevu, ukapita paji la uso, ukakwama pale alipojua utakwama. Akavuta pumzi, akapanda vidoleni. Mtarakwa ulikuwa baridi na unyevu. Viganja vyote viwili viliugusa.

Koplo alitoa sigara, akaigonga juu ya kiberiti, akaiwasha.

Wale waliokuwa nyuma waliona visigino vya viatu vyake vikitetemeka hewani. Sigara ilifika nusu. Mkono wa kulia ulianza kupiga boriti kwa mtetemo, tak tak tak, kama kigogota. Ndipo mwanamke mmoja mzee, yule aliyemwuliza fundi kama anawajengea twiga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba karani wa pareto hufunga mizani mapema, na ikiwa watu wote hawa watachelewa, Bwana Kihara atauliza walichelewa wapi. Mwingine akasema ni kweli. Mwingine akauliza wamwambie Bwana nani aliwachelewesha. Halikuwa kundi la kelele. Yalikuwa maneno ya watu waliochoka kungoja, yakipokezana kutoka mbele ya foleni hadi mwisho.

Koplo alitazama foleni, akatazama sigara. Alimpapasa Waithaka kwapani kwa haraka, akamsukuma begani, lile la kushoto, akamwambia apite.

Karakana ilikuwa na vumbi na randa imeota kutu. Kabla ya saa nne nyapara alikuja na kazi yake ya kwanza. Kulikuwa na watu wa shamba jingine wanaohamishiwa upande wa chini, nyumba zao zimezungushiwa seng'enge, kunahitajika lango. Mfano ni ule ule. Mitarakwa ilikuwa imeshapakuliwa nje.

Nilipomwuliza miaka michache baadaye kwa nini hakukataa, nilimwuliza kwa ukali, kwa maana nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijua majibu yote. Alinitazama akaniuliza angekataa akiwa amesimama wapi. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na swali lile bado najiuliza.

Alichofanya ni hiki. Alipima futi sita kamili, kama koplo alivyosema mara ya kwanza, akashika msumeno kwa mkono wa kulia, usawa wa kiuno ambako bega halikulalamika, akakata. Kila nguzo ilitoa kipande cha inchi tisa, chekundu, chenye harufu. Alimwendea koplo mchana akaomba ruhusa ya kulishusha na lile lango la kwanza liwe sawa na hili. Koplo alisema lango likishasimama halipunguzwi.

Jioni, kazi ilipokwisha, Waithaka alichukua vipande viwili vya inchi tisa, akavibana chini ya mkono, akarudi. Alitaka kuvipigilia ardhini chini ya boriti, viwe mahali pa kukanyaga kwa wafupi na wazee. Alilieleza hilo bila kuficha.

Kimaiyo alivipokea, akavigeuza, akamtazama koplo. Koplo aliyekuwa kwenye kibanda hakusimama. Alionyesha moto wa walinzi kwa kidevu.

Mtarakwa mkavu huwaka upesi, na harufu yake ni nzuri. Ilifika mpaka kwenye foleni. Waithaka alikuwa ameshavua kofia, mikono miwili juu ya boriti, amesimama juu ya vidole vyake, na nyuma yake wanawake walikuwa wameanza kuinua visigino.